Dunia Tupu Niliyojifichia

Bwana apewe sifa, wapendwa! Shikamooni wazee wangu. Naona vijana mnacheka, mmesikia nakuja kushuhudia habari za gemu kanisani. Chekeni tu, ila mnisikilize.

Ndugu zangu, mama alipofariki, tulipoanua matanga tu nikarudi Korogwe mjini, kwenye duka langu la vitenge. Simuni nilikuwa na gemu moja ya zamani isiyotakwa na mtu. Ni dunia kubwa mno: nyasi, ukungu, milima ya bluu, na wewe unatembea. Basi. Wachezaji kwenye kundi letu la simu waliiponda kweli kweli. Mmoja akaandika, "Ramani kubwa kuliko Handeni, ndani kuku mmoja!" Nilikasirika! Mimi mbishi, mnanijua. Nikawajibu kwamba wao bila kupiga risasi hawaoni raha.

Sikuwaambia ukweli. Niliipenda kwa kuwa mle hakuna wa kunipa pole. Nilitembea kwenye zile nyasi mchana kutwa, upepo unavuma, jua halizami, na mama hajafa, maana mle hakuwahi kuwemo. Miezi ikapita hivyo, nimo usingizini macho wazi. Baba alibaki kijijini kwetu Vugiri peke yake. Akipiga simu: habari za huko? Nzuri, baba. Za nyumbani? Nzuri, mwanangu. Tunakata.

Lakini Mungu ana njia zake! Kundini yumo mfugaji mmoja wa Handeni, Mmasai, hana maneno mengi. Siku moja akaandika: "Dada, gemu ni nzuri, ina kosa moja. Huku naweza kutembea na ng'ombe nusu siku bila kuona mtu. Nikimwona mmoja, tunasimama, tunaulizana habari mpaka ziishe. Mle nimezunguka kote, hakuna aliyeniuliza."

Mpaka ziishe! Mimi na baba habari zetu zilikuwa hata hazianzi. Nililia pale pale dukani, mteja kashika kitenge ananitazama. Kesho yake asubuhi nikapanda bodaboda. Ukungu ulifunika barabara ya Vugiri, hata sikujua nimo kwenye gemu au nakwenda kwetu. Nikamkuta baba kibarazani anachambua maharage, amekonda, shati limemvaa. Shikamoo, baba. Marahaba, habari za huko? Mdomo ukaanza "nzu..." Nikaukatisha. Nikasema, "Mbaya, baba. Mbaya sana."

Akaweka ungo chini. "Hata hapa, mwanangu. Tangu juzi sijala."

Haleluya! Tulilia, ndugu zangu, tukamtaja mama kwa jina lake, kisha nikasonga ugali na baba akala, akaomba aongezewe. Gemu sijaifuta, nisiwadanganye. Ni nzuri, na mnaoiponda hamjui kitu. Lakini kwetu naenda kila wiki, na baba yangu ndiye yule benchi la tatu, amenenepa, mwoneni!

Na wewe uliyeulizwa habari mlangoni leo ukajibu nzuri huku moyo unavuja, Yesu anakuuliza upya. Mwamini. Mwambie ni mbaya.