Siku Niliyokuwa Bubu Barabara ya Ngong

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena na ninyi mlioketi karibu na mlango, maana nawaona mmeanza kucheka kabla sijasema neno.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nilitoka kwetu Bungoma na cheti cha kidato cha nne, nikakaa Nakuru, nikakaa Mombasa, na kila nilipofika nilianza kupakumbuka nilipotoka. Miaka ya sabini nikajikuta Kawangware, dereva wa pikapu ya Mzee Njuguna, mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha na nguruwe. Kazi yangu ilikuwa kwenda Lindi, kule Kibera, kuchukua machicha ya busaa kwa akina mama wapika pombe na kuwaletea nguruwe.

Sasa, mtu wa kwetu hawezi kuchukua machicha akaondoka hivi hivi. Wazee wa kwetu waliohamia huko Lindi walikuwa wameketi kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake, wakizungumza habari za mto wetu na mahindi ya kwetu. Daima palikuwa na mrija unaoningoja. Nilijiambia navuta habari za nyumbani. Kumbe navuta busaa!

Jumamosi moja mchana, nikiwa nimevuta habari nyingi sana, konstebo akanisimamisha Barabara ya Ngong. Mzee Njuguna alikuwa ameniapia kwamba siku nitakayokamatwa nimelewa, sina kazi wala chumba. Maana chumba nacho kilikuwa chake.

Wakati ule askari wa barabarani hawakuwa na chombo cha kupima pumzi. Chombo kilikuwa pua ya afande. Akaja dirishani, akanusa.

"Gari linanuka pombe."

Nikamwonyesha machicha kule nyuma.

"Hayo nimeyaona. Nataka kujua kama dereva naye ananuka. Shuka, unipumulie hapa puani."

Nikipumua, kazi imekwenda. Nikikataa, atasema nimekataa kwa sababu nimelewa. Nikasimama nimefunga mdomo, nikifikiri, na busaa ikaniletea shauri: kuwa bubu! Nikagusa midomo, nikatikisa kichwa, nikatazama chini kwa huzuni.

"Wewe ni bubu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nani alimpa bubu leseni?" Akaichukua leseni yangu, akaigeuzageuza kana kwamba jibu limeandikwa nyuma. Akavua kofia, akajikuna. Nikaona nimepona.

Hapo wakatokea akina mama wa ushirika huu huu, wanatoka kumwona mgonjwa, Mama Rhoda mbele. Hawakunijua wakati huo.

"Afande, huyu kijana ana shida gani?"

"Ni bubu, mama."

Yesu wangu! Afadhali angesema mimi ni mwizi.

"Bubu? Akina mama, wekeni vikapu chini!"

Wakanizunguka. Mikono kichwani, mikono mabegani, mmoja amenishika masikio. "Toka, pepo wa ububu! Toka!" Nami, pepo mwenyewe, naogopa kutoka. Mama Rhoda, yule pale anayejifunika leso, akaanza kunipiga mgongoni kwa kiganja, kiganja kile kinachosonga ugali wa harusi. Kofi la kwanza nikavumilia. La pili likanifungua.

"Mama, utaniua!"

Vigelegele! Watu wakatoka vibandani. "Amesema! Bubu amesema!" Mama Rhoda akapiga magoti mavumbini, machozi yanamtiririka. "Bwana, kumbe hata mimi unaweza kunitumia!"

Konstebo akasogea. "Haya, kama amepona, anaweza kunipumulia."

"Afande, huna haya?" mmoja akamkemea. "Mtu ametoka kuguswa na Mungu sasa hivi, wewe unataka kumnusa?"

Konstebo akashtuka. Akaninyooshea leseni yangu. Ningeipokea tu! Nguruwe wangekula, nami ningelala kwangu.

Lakini nilimtazama yule mama mavumbini. Nilikuwa nimedanganya watu wengi, ila sikuwahi kumwona mtu akimshukuru Mungu kwa uongo wangu. Na kesho yake angesimama hapa kuutolea ushuhuda. Moyo ukanipiga kuliko kile kiganja.

"Afande," nikasema, "lete pua."

Nikampumulia pumzi yote, toka tumboni. Akayumba.

"Huyu si bubu! Huyu ni chungu kizima!"

Mama Rhoda akainuka, akajipangusa magoti. Akanisogelea na kiganja chake. Nikakaza mgongo.

"Akina mama," akasema, "maombi hayajaisha. Tulikuwa tunakemea pepo asiye wake."

Wakaanza upya, hapo hapo barabarani, konstebo akingoja na pingu mkononi na kofia kifuani!

Leseni ilikwenda. Kazi ilikwenda. Mzee Njuguna alinitolea blanketi langu nje, na Mama Rhoda akanipa stoo yake nilale. Leo nasukuma mkokoteni wa maji. Nikipita Lindi, wazee wananiita. Nawasalimu, nauliza habari za mto wetu, na mrija nauacha kwenye chungu. Ndugu zangu, kumbe habari zile zinasikika hata kwa masikio!

Nakushukuru, Bwana, kwa pumzi ile. Na wewe uliyefunga mdomo asubuhi hii, ukidhani Mungu atakurudishia leseni akuache uende zako: njoo mbele, fungua, pumua. Yeye hatarudi nyuma kwa harufu yako. Ukishindwa kufungua mwenyewe, Mama Rhoda bado ana nguvu.