Mlango wa Severine Kavishe

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wa ukoo mliotoka Rombo, Bi Zulekha mwenye nyumba wetu, wapangaji wenzetu, majirani wa Mtaa wa Mahiwa, na ninyi mliokaa juani kwa sababu turubai halikutosha, mimi ni Vicky, mtoto wa kwanza wa marehemu, nami familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu kabla hatujamtoa ndani na kuanza safari.

Marehemu Severine Eliasi Kavishe alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Mengwe, wilayani Rombo, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Eliasi, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini na kumaliza darasa la saba mwaka 1975, na kwa kuwa kihamba, shamba la familia, kilikuwa kidogo na watoto wa kiume ni wengi, mwaka 1980 alipanda basi kuja Dar es Salaam kutafuta maisha kama walivyofanya wengi wenu. Alianza kwa kubeba mizigo hapa Kariakoo, na mwaka 1983 akaajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi kule Gerezani, akauza misumari, rangi, bawaba na vigae mpaka alipostaafu mwaka 2022, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwona akirudi nyumbani mikono mitupu, ingawa mara nyingi alichobeba kilikuwa kigae kilichovunjika au rangi iliyobaki chini ya kopo, na kila kitu alikuwa amekiomba kwa tajiri wake.

Tarehe 24 Septemba 1988 alifunga ndoa na mama yetu, Clotilda, huko Mengwe, na mwaka huo huo wakahamia katika nyumba hii, chumba na sebule, mlango wa pili kushoto ukitokea barazani, ambamo mimi nilizaliwa mwaka 1990 na mdogo wangu Bryson mwaka 1994. Mama alitueleza kwamba walipoingia sakafu ilikuwa na mashimo, dari haikuwepo, na mvua ikinyesha walihamisha kitanda. Baba hakulalamika wala hakufanya yote kwa mpigo, alichukua Jumapili moja baada ya nyingine, baada ya misa, akaziba shimo, akapiga ubao wa dari, akaweka wavu dirishani, akashusha swichi ya taa karibu na mto ili mama asitafute njia gizani, akapanga sakafuni vile vigae vilivyovunjika, vya rangi kila aina, mama akichagua kipi kikae wapi. Alipomaliza ya kwetu alitokea huku ukumbini tunapopita wapangaji wote, akatengeneza mlango wa choo cha uani ambao ulikuwa haufungi, akamjengea Bi Zulekha ngazi ndogo kwa ajili ya magoti yake. Kila alipomaliza kitu alivuta kigoda, akaletewa chai, akakitazama, kisha akasema maneno ambayo wapangaji wote mnayajua, "Leo pabaya pamepungua."

Mtu akimtajia haba na haba hujaza kibaba alicheka, akasema cha kwake hakijai kwa sababu nyumba nzima inakula humo humo. Nalisema hili kwa makusudi, maana tangu Jumatatu nasikia baba akiitwa maskini hapa msibani, na wazee mtanisamehe, baba yangu hakuwa maskini wa moyo hata siku moja, alikuwa na furaha, nilikaa nayo chumba kimoja na naijua.

Ni kweli hakujenga Rombo. Desemba wenzake walipopanda kwenda kuonyesha mabati mapya, yeye alibaki akisema rangi haijakauka, na baba mkubwa Leodegar, kaka yake mkubwa, ambaye yuko hapa mbele, alikuwa akimwambia kwa simu kwamba anamnenepesha ng'ombe wa jirani. Baba akisema "niko nyumbani," baba mkubwa alimsahihisha, "Hapo ni unapopanga, nyumbani ni Mengwe." Neno hilo walilishindania karibu miaka arobaini bila kugombana.

Tarehe 9 Juni 2017 mama alifariki dunia, na mnaokumbuka siku ile mnakumbuka lililotokea. Jeneza lilipita ukumbini vizuri, lakini lilipofika mlangoni kwetu halikuweza kukata kona, mlango ulikuwa mwembamba, vijana wakataka kulisimamisha wima, baba akakataa, akasema Clotilda hasimamishwi kama mbao dukani. Mama akaagwa ukumbini, kati ya ndoo za maji na majiko ya watu, hatua chache kutoka kwenye vigae alivyovichagua mwenyewe, na hakuingia. Baba aliziba na kupaka miaka ishirini na tisa, na mlango ule hakuwahi kuufikiria, na baada ya mazishi aliweka nyundo chini ya kitanda, hakugusa tena kitu, hata taa ya ukumbini ilipoungua.

Mwezi Agosti 2023 alianza kuumwa koo, akapimwa, ikaonekana ni saratani, akaanza matibabu hospitalini kule Upanga, na mwaka uliofuata, akiwa katikati ya matibabu, tukapata habari kwamba warithi wenzake Bi Zulekha wamemshinda kwa wingi, nyumba imeuzwa, itabomolewa ijengwe ghorofa, tutoke ifikapo mwisho wa Februari hii. Ndipo Desemba, sauti ikiwa imeshakatika, baba akatoa nyundo chini ya kitanda. Mikono haikuweza, akamwita fundi Hafidhi, akakaa kwenye kigoda, akamwonyesha kwa kidole ukuta ubomolewe mpaka wapi. Tulidhani ugonjwa umepanda kichwani, baba mkubwa alipiga simu kusema nyumba ya kuvunjwa haipigwi lipu. Baba alimbebesha Hafidhi na mwenzake ubao mrefu kutoka barazani mpaka ndani, ukagonga fremu, akaonyesha wabomoe tena, ukapita. Bi Zulekha ndiye aliyeelewa kabla yetu, aliutazama ule ubao, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akamwambia, "Bomoa unavyotaka, Severine, hapa ni kwako."

Baba alifariki saa kumi jioni, tarehe 3 Februari 2025. Kikao cha ukoo kiliamua atoke mochwari moja kwa moja hadi Mengwe, kwa kuwa mpangaji hana mlango wa kupitishwa, na mimi nililia, mpaka Bi Zulekha alipofika kikaoni na kuwauliza wazee, "Mtu kajitengenezea mlango, nyie mnampitisha wapi?"

Asubuhi hii jeneza limeingia likiwa limelala, halikugusa ukuta. Baba mkubwa alikuwa mmoja wa waliobeba, na walipotoka nilimwona akirudi, akavua viatu kizingitini, akaingia peke yake, akakaa humo muda mrefu, na aliposhika simu kuwaambia wa Mengwe kwamba tunachelewa, alisema, "Bado tuko nyumbani kwa Severine."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa Gerezani, Jumuiya, fundi Hafidhi aliyekataa ujira, majirani Waislamu na Wakristo mliopika tangu Jumatatu, na wewe Bi Zulekha, ambaye nawe hujui mwezi ujao utalala wapi.

Mlango huu utavunjwa mwisho wa mwezi, na kazi uliyotengenezewa umeifanya mara moja tu. Baba, mama tulimwacha ukumbini, wewe umeingia. Leo pabaya pamepungua. Pumzika kwa amani.