Pikapu ya Mwaitu

KIMEU: Haloo? Ni nani huyo? Namba siijui.

MUTHOKI: Ni mimi, Muthoki. Simu yangu hushiki, nimeomba ya Hirsi wa duka nikaja nayo nyumbani.

KIMEU: Aa, dada yangu! Watu wa Matinyani mko aje? Mvua—

MUTHOKI: Wachana na mvua. Kimeu, pikapu ya Mama iko wapi?

KIMEU: Si niliwaambia, breki—

MUTHOKI: Breki ya siku mbili. Hii ni siku ya sita. Jumatatu Mama hakuenda Kitui kusafishwa damu. Kesho ni Alhamisi, na miguu imefura mpaka viatu—

KIMEU: Haloo? Unakatika-katika.

MUTHOKI: Sikatiki! Iko wapi?



KIMEU: Unajua ile mpango mpya ya serikali ya magari? Ukinunua ya moshi, hizi za mafuta, unaongezwa ada. Ukinunua ya stima unarudishiwa pesa. Na ukipeana ya moshi ya zamani, wanaongezea juu. Nimerudishiwa laki tatu, Muthoki! Bibi yangu Katunge anaenda nayo saluni hapa mjini Wote, haina kelele, haina—

MUTHOKI: Ulipeana pikapu.

KIMEU: Ilikuwa inatoa moshi kama jiko ya kuni.

MUTHOKI: Nenda uirudishe. Leo.

KIMEU: Haiwezi rudi. Wanatoboa injini na drili ukiangalia, ndio isiwahi tembea tena. Niko na video, nikutumie?

MUTHOKI: (anavuta pumzi) Ngoja. Logbook ya pikapu iko kwa jina la Mama. Nani aliweka sahihi?

KIMEU: Mwenyewe. Aliweka kidole.

MUTHOKI: Uongo! Ile karatasi ulisema ni ya kadi ya hospitali. Nilikuwa hapo, Kimeu. Ni mimi nilimshikia kidole!

KIMEU: Sasa unalia nini, na wewe ndio shahidi?

(Mtandao unakwaruza.)

MUTHOKI: ...Kuja na hiyo ya stima basi. Umpeleke kesho asubuhi, halafu uende zako. Nakuomba.

KIMEU: Hiyo iko chini sana, mawe ya hapo kwenu itakwaruza tumbo. Na chaji ikiisha njiani hapo Kwa Vonza nitachomeka wapi, kwa mti?

MUTHOKI: Mama hawezi kaa kwa boda. Alianguka nayo mwezi jana, unajua.

KIMEU: Muthoki, tuongee kama watu wazima. Mama ana miaka ngapi? Themanini. Mara mbili kila wiki, miaka tatu, na haponi. Hiyo pikapu mlikuwa mnachoma mafuta nayo bure.

MUTHOKI: Kimeu.

KIMEU: Hapana, wacha niseme. Hata yeye amechoka. Anangoja tu mtu amwachilie—

MUTHOKI: Kimeu, simu iko kwa spika. Tangu tuanze.

(Muthoki anasogeza simu karibu na Mama.)

MAMA: Kimeu, mwanangu.

KIMEU: ...Mwaitu, mama yangu. Habari ya jioni? Sikujua uko—

MAMA: Hiyo gari haina moshi kweli?

KIMEU: Haina, Mwaitu. Hata kidogo.

MAMA: Ni vizuri. Na ndani ni ndefu aje?

KIMEU: Ni... ni ya watu wanne. Viti za nyuma zinalala.

MAMA: Baba yenu tulimleta kutoka mochari na pikapu. Alinyooka vizuri, na ninyi mkakaa kando yake na maua. Mimi ni mrefu kumshinda.

KIMEU: Mwaitu, usiongee hivyo, tafadhali—

MAMA: Nauliza tu. Mtanikunja?

KIMEU: Mwaitu, nitakuja! Kesho. Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa hapo, nitatafuta hata teksi ya—

MUTHOKI: Kredito ya Hirsi inaisha, inalia.

KIMEU: Muthoki, mwambie nakuja! Mwaitu, unanisikia?

MAMA: Nimekusikia vizuri, tangu mwanzo. Kesho usije. Pima hiyo gari kwanza.

KIMEU: Mwaitu? Haloo? Mwai—

(Simu imekatika.)