Bi Yudith Shechambo, Aliyeikanyaga Njia ya Kisulisuli

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, saa tisa na nusu alasiri, Bi Yudith Shechambo atafunga chumba cha ramani hapa Lushoto na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na mitano, miezi minne na siku kumi na nane. Hesabu hiyo nimeipiga mimi, Zuberi Shekigenda, mshika kamba ya kupimia wa ofisi hii, na anayebisha ahesabu tena.

Wenye shahada wapo wengi hapa ofisini, lakini kazi ya kuandika habari zake nimepewa mimi wa darasa la nne. Wao walimwona Bi Yudith mezani, mimi nilimwona porini. Hata kustaafu nimemtangulia, tangu 2011, na bado naitwa kila kunapokuwa na mlima ambao vijana hawauwezi. Mhariri wa programu hii ya sherehe ya kumuaga ameomba nusu ukurasa. Nusu ukurasa haitoshi hata kwa viatu vyake.

Bi Yudith alizaliwa Mlalo mwaka 1965, mtoto wa tatu wa wakulima, watu wa Usharika wa Kilutheri. Aliripoti kazini tarehe 12 Februari 1990 akiwa na kalamu za wino saba na buti za mpira za kijani, saizi ya kiume. Wiki hiyo hiyo mkuu wa enzi zile alimpa ramani ya zamani ya Mnazi, kule tambarare chini ya milima, ainakili. Akaitazama, akauliza mto uliochorwa pale ni nani aliyewahi kuuona. Hakuwepo hata mmoja. Basi tukashuka Mnazi, yeye na buti, mimi na kamba. Joto la kule kwa mtu wa milimani ni kama kuingizwa kwenye chungu. Tulitembea siku mbili. Mto haukuwepo. Ulikuwa mkunjo wa karatasi ambao mtu fulani zamani aliupitishia wino wa bluu, na kila aliyenakili baada yake akanakili mkunjo. Tangu siku ile hajachora kitu ambacho hakukikanyaga mwenyewe, au ambacho sikukikanyaga mimi, maana miguu yangu aliiamini.

Kazi zake nyingine mnazijua. Ramani ya vyanzo vya maji, mipaka ya vijiji ishirini na sita, na ile njia wanayoifuata wageni kwenda kutazama bonde pale Irente. Aliichora yeye, niliitembea kwanza mimi.

Kompyuta ilipoingia ofisini wengi wa umri wake waliikimbia. Yeye aliikalia. Na picha za setilaiti zilipoanza kupatikana bure, akaniita anieleze. Alisema ni mtambo unaozunguka juu huko ukipiga picha ya ardhi, na kwetu unapita kila baada ya siku tano. Nikamwambia hilo si jambo geni, hilo ni gulio, nalo hurudi kila siku ya tano. Akacheka mpaka akavua miwani. Lakini kuanzia hapo siku za setilaiti nilizikumbuka mimi kuliko vijana wote wa kompyuta.

Habari ilimfikia Sabra, anayetupikia chai nyuma ya ofisi, naye akahamisha kamba yake ya kuanikia nguo siku hiyo hiyo.

"Dada Yudith, ni kweli unatuona mpaka uani?"

"Naona paa lako tu, Sabra. Lina kutu."

"Basi usinichungulie tena mpaka nilipake rangi!"

Alilipaka kweli, rangi nyekundu, na mpaka leo ndilo paa zuri kuliko yote mtaani.

Sasa nifike kwenye kazi iliyo kubwa kuliko zote hizo.

Jumanne ya tarehe 16 Aprili 2024, saa nane mchana, kisulisuli kiliingia Kwemshihwi, kijiji kilichopo juu ya Mlalo. Sisemi kile kivumbi kinachochezea majani uwanjani. Hiki kilisimama kama nguzo nyeusi, na waliokuwa mbali walidhani ni moshi. Alhamdulillahi, hakuna aliyekufa. Kilibomoa nyumba tisa na kubeba paa zima la ghala la viazi la kijiji, kisha kikapanda ndani ya msitu wa hifadhi na kupotelea huko. Paa lile lilikuwa na mabati arobaini na moja, kwa sababu kila familia ilichangia bati moja. Na kila familia iliandika jina lake upande wa chini kwa rangi, ili siku chama cha ghala kikivunjika kila mtu abandue lake. Ndivyo tulivyo huku kwetu, tunashirikiana kwa tahadhari.

Mwezi wa nane akaja Kwemshihwi bwana mkaguzi mmoja wa misitu, mgeni, mtu wa miaka kama arobaini. Haki yake nimpe, alinipa shikamoo kwanza kabla ya kuanza ubishi. Alikuwa na picha mbili za setilaiti. Ya Februari ilionyesha msitu mzima. Ya Julai ilionyesha ukanda mweupe umepita katikati ya msitu, zaidi ya kilometa mbili, miti yote chini.

"Ni upepo, bwana mkubwa," alisema Amiri Singano, mwenyekiti wa kijiji. "Huo huo uliobeba ghala letu."

"Upepo gani huo unaopita kama umepigiwa rula, mwenyekiti? Kushoto miti imesimama, kulia imesimama, katikati hakuna kitu!"

"Ndivyo ulivyopita."

"Na zile kuni nyuma ya nyumba yako?"

Kuni kweli zilikuwepo. Miti iliyoangukia ukingoni watu waliikata wakapikia. Mkaguzi aliona visiki vya pale ukingoni, ndani zaidi hakuingia. Adhabu ikaandikwa: familia zote arobaini na moja zinyang'anywe mashamba ya mpakani mwa msitu, ambako ndiko viazi na kabichi zao zote hutoka. Walipewa siku thelathini.

Ramani ya kuwaondoa ilitakiwa ichorwe na Bi Yudith. Akakataa. Wakati huo alibakiza miezi kumi astaafu, na watu wa busara walimfuata mmoja mmoja kumshauri achore tu, asije akaondoka na doa kwenye faili. Aliwapa chai. Hakuchora.

Hoja yake ilikuwa fupi. Tukipata picha ya siku chache tu baada ya tarehe 16 Aprili, na ukanda tayari upo mzima, basi ni upepo, kwa kuwa hakuna kijiji kinachoweza kuangusha kilometa mbili za msitu kwa siku chache. Akafungua picha zote za katikati, siku ya tano baada ya siku ya tano. Wingu. Wingu. Wingu. Milima yetu wakati wa masika ni sufuria lililofunikwa. Akaanza kuandika barua kwa watu wenye setilaiti nyingine, yenye jicho kali zaidi. Aliandika barua kumi na moja. Siku ya ishirini na mbili kati ya zile thelathini, picha ikaja. Ilipigwa tarehe 29 Aprili.

Tukakaa chumba cha ramani, mkaguzi, Amiri, Bi Yudith na mimi. Ukanda ulikuwepo wote. Katikati ya miti iliyolala kulikuwa na vidoa vinne vyeupe vinavyong'aa.

Hapa pananiwia vigumu, lakini nitaandika. Macho yangu ni mazuri, sivai miwani mpaka leo. Nikainama juu ya kioo cha kompyuta, nikasema kwa sauti kabla hata sijaulizwa:

"Hizo ni turubai. Nimelala kwenye turubai miaka thelathini, nazijua hata zikiwa mwezini."

Mkaguzi akapiga meza. "Asante sana, mzee! Kambi ya wapasua mbao. Siku kumi na tatu, misumeno ya mashine, turubai nne. Zinatosha kabisa. Hata mzee wenu mwenyewe ameona."

Amiri alinigeukia. Ni heri angenitukana.

Picha aliyoitafuta Bi Yudith wiki tatu ili iwaokoe watu ikawa sasa ndiyo inayowafukuza, na ulimi ulioigeuza ni wangu. Yeye aliinama tu chini ya meza, akavuta buti zake.

"Mzee Zuberi, kamba unayo?"

"Ninayo."

"Basi kesho saa kumi na mbili asubuhi."

"Kule juu hakuna njia, Bi Yudith."

"Ndiyo maana hajaenda mtu."

Yeye alikuwa na miaka hamsini na tisa, mimi sabini na tatu. Tulipanda kwa muda wa saa tano. Sitasema nani alipumzika mara nyingi zaidi. Tulipoingia kwenye ukanda wenyewe nikaona jambo ambalo picha haikulisema vizuri: miti ile haikukatwa. Iling'olewa. Mizizi ilikuwa juu hewani, mipana kama milango ya kanisa, na magogo yamelala yakisokotana, mengine yakielekea kulia na mengine kushoto, kama nywele zilizotoka usingizini. Bi Yudith alikuwa na kile kifaa cha kusomea mahali, nami nikavuta kamba mpaka kidoa cha kwanza.

Lilikuwa bati. Lilikuwa limekunjika kama karatasi na nusu yake ipo chini ya gogo ambalo watu watatu hawawezi kulikumbatia wakalimaliza. Bi Yudith akalala kifudifudi kwenye tope, akachungulia upande wa chini, akasoma kwa sauti: "Hidaya. Lisibadilishwe."

Nilitaka kulichomoa nilipeleke chini kama ushahidi. Akanishika mkono. "Usiliguse. Atalichomoa mkaguzi mwenyewe."

Mkaguzi alipoambiwa apande, alijibu kwamba picha inatosha.

"Picha inauliza, bwana mkaguzi," Bi Yudith alimwambia. "Mguu ndio unaojibu."

Siku ya ishirini na saba akapanda, na nusu ya Kwemshihwi wakapanda nyuma yake bila kualikwa. Viatu vyake vya ofisini viliharibika kabla hatujafika nusu ya njia. Bi Yudith akamsimamisha mbele ya gogo.

"Vuta."

"Nivute nini, mama?"

"Bati. Ukilitoa, ramani yako naichora leo leo, na watu hawa wanahama."

Nilimwona Amiri amefumba macho. Mkaguzi akakunja mikono ya shati, akashika bati, akavuta. Akaweka mguu kwenye gogo, akavuta tena mpaka shingo ikamtoka mishipa. Bati likalia, halikutoka.

"Usilichane, bwana mkubwa!" sauti ikapigwa kutoka nyuma. Alikuwa Hidaya mwenyewe. "Nalitaka zima, nimelitafuta tangu masika!"

Watu wakaangua kicheko, na mkaguzi naye akacheka, kidogo, akiwa ameshika magoti. Bi Yudith hakucheka. Alisubiri watulie.

"Bati hili lilikuwa juu ya ghala mpaka saa nane ya tarehe 16 Aprili. Kijiji kizima ni shahidi. Limeletwa hapa na upepo, na mti umelilalia na mizizi yake. Mengine matatu yako hivi hivi, twende ukayaone. Sasa niambie, bwana mkaguzi, ni mpasua mbao gani anayetandika bati la Hidaya kwanza, halafu anang'oa mti kwa mikono auangushe juu yake?"

Mkaguzi aliyaona yote manne. Kisha akakaa juu ya gogo, akaomba kalamu, akaandika pale pale kwa mkono wake kwamba amri imeondolewa. Haki yake nimpe tena: wapo wasioandika. Mashamba yamebaki kwa wenyewe, na viazi mtakavyokula siku ya sherehe vimetoka Kwemshihwi, mpakani kabisa mwa msitu.

Ukanda ule sasa upo kwenye ramani ya wilaya. Una urefu wa mita 2,140 na upana wa 85, kwa kamba yangu. Vijana walitaka uitwe kwa jina la Bi Yudith. Akawaandikia "Njia ya Kisulisuli", akafunga faili. Kiti chake anakiacha kwa Nasra, mwanafunzi wake wa miaka sita, na ninamhakikishia kila mtu kwamba binti huyo anazo buti.

Limebaki moja. Neno langu la turubai lilikaribia kuzitoa familia arobaini na moja kwenye mashamba yao. Tangu siku ile Bi Yudith hajanikumbusha hata kwa utani, na yeye ni mtu wa utani. Nami sikumwomba radhi. Tulishuka mlima ule nikizungumzia magoti, hali ya hewa, kila kitu isipokuwa hilo. Naomba radhi sasa, kwake na kwa Amiri na watu wa Kwemshihwi, ambao najua watajaa ukumbini. Nilikosea. Atakayesoma programu hii kwa sauti asiliruke neno hilo, maana nitakuwa nimekaa mstari wa mbele nikisikiliza.

Bi Yudith, ofisi inakushukuru, na sisi tuliotembea nawe tunakushukuru zaidi. Nenda Mlalo kwenye miti yako ya matunda, ile ya plamsi, na wajukuu zako. Mungu akupe afya, nyumba yenye vicheko na umri unaozidi wangu. Tunakuombea mapumziko mema na marefu. Yakikuchosha, nitumie salamu tu. Magoti yangu bado mazima.