Bunduki ya Kulia, Bega la Kushoto

Benchi hili ni langu, watu wasijisahau. Mbao nilinunua mimi, misumari nilipiga mimi, na kibanda kinacholitilia kivuli ni changu cha kushonea viatu. Lakini tangu Birika aanze kuweka jiko lake la kahawa hapa kila asubuhi, nimekuwa mgeni kwenye mali yangu mwenyewe. Yupo Breki, dereva wa lori, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna breki. Yupo Daktari, ambaye miaka yote alikuwa akitengeneza vitanda vya hospitali, akastaafu na jina. Na asubuhi hiyo alikuwepo Shoto, mlinzi wa ghala la magodoro hapo ng'ambo ya barabara. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine mikononi mwangu kikingoja gundi ishike, na uso wake umeshuka kama wa mfiwa.

Breki: Wewe vipi? Kahawa inapoa, unaitazama tu.

Shoto: Leo tunapimwa shabaha. Risasi tatu, debe la rangi, kule nyuma ya ghala. Nikikosa zote, kazi sina. Msimamizi kasema kanivumilia vya kutosha.

Birika: Si una ile bunduki ya marisau wewe? Ile ikipigwa inamwaga vipande kama mchele! Debe unalikosaje?

Shoto: Nalikosa tu.

Daktari: Kwa mbali au kwa karibu?

Shoto: Mara ya kwanza nilipiga magodoro yaliyopangwa nyuma ya debe. Sponji iliruka ukuta ikaja mpaka barabarani.

Mimi: Ikaingia kwenye gundi yangu. Sijasahau.

Shoto: Mara ya pili wakaniambia basi jaribu mkono wa kulia, kama wenzako. Nikapiga tangi la maji la meneja.

Birika alicheka mpaka akashika nguzo. Shoto hakucheka. Mkewe ndiyo kwanza kajifungua, mama mkwe kaja kumtunza mzazi, na hakuna mwanamume anayetaka kuingia nyumbani mchana kweupe amwambie mama mkwe kwamba kazi imeota mbawa kwa sababu ya debe. Nilimwonea huruma kwa kweli. Nikaongeza gundi.

Shoto: Tena kosa si langu. Ile bunduki imetengenezwa kwa watu wa kulia. Ukipiga tu, ganda la risasi linachomoka upande wa kulia. Mwenye kuiweka bega la kulia hata hana habari nalo. Mimi naiweka kushoto, kwa hiyo linanipitia hapa, mbele ya pua, la moto! Siku ya mafunzo lilinipiga kwenye nyusi. Hata kitufe cha kuifungia isifyatuke wamekiweka upande wanaoutaka wao.

Daktari: Nimeshaelewa. Hiyo ni damu.

Mimi: Damu ya nani tena?

Daktari: Ya kwake. Damu ya mtu wa shoto inazunguka kinyumenyume. Nimeyaona sana hospitali.

Mimi: Hospitali ulikuwa unakaza skrubu, mzee.

Daktari: Na juu ya hizo skrubu alikuwa analala nani? Wewe Shoto, hamisha kikombe, shika kwa mkono wa kulia. Damu ianze kuzoea. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Mimi: Huko ni kulia kwa machozi!

Daktari: Na akifukuzwa kazi si atalia?

Shoto akahamisha kikombe, akapiga funda moja, kahawa yote ikaishia kifuani kwenye sare.

Breki: Acheni udaktari wa skrubu. Hili ni suala la usukani. Mimi nimeendesha lori lenye usukani wa kushoto kwenye barabara za watu wa usukani wa kulia, na niko hai. Siri ni moja tu: kioo.

Shoto: Kioo cha nini?

Breki: Unalipa debe mgongo. Bunduki unailaza begani, mdomo wake unatazama nyuma. Mkono mwingine una kioo, debe unaliona humo. Na kwenye kioo kushoto kunakuwa kulia, au siyo? Basi umeshakuwa mtu wa kulia, hujamwomba mtu ruhusa.

Birika: Na msimamizi atasimama wapi?

Breki: Nyuma ya mpigaji, kama kawaida.

Birika: Yaani mbele ya mdomo wa bunduki.

Breki: Kila kazi ina ajali zake.

Daktari hakukubali kupitwa na dereva. Alivua miwani, na akivua miwani ujue maji yamezidi unga.

Daktari: Vioo vya nini? Aipindue bunduki, ya juu iwe chini! Tundu la kulia linahamia kushoto, ganda linarukia huko huko, linakwenda zake. Kifyatuo anakivuta kwa kidole cha mwisho.

Shoto: Kidole cha mwisho kina nguvu gani, mzee wangu?

Daktari: Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nikampa Shoto ufagio wangu ajaribu, na hapo ndipo nilipokosea. Aliuinua akaupindua, akatafuta kifyatuo kwa kidole cha mwisho, ule mguu usio na kiatu ukateleza, akakaa ndani ya beseni langu la maji. Beseni halikupasuka. Nililitazama vizuri kabla ya kumtazama yeye.

Birika: Mnaona sasa? Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Mimi: Wewe kichwani una hata moja?

Birika: Sikilizeni. Kama bunduki haigeuki, ageuke yeye. Shoto, lipe debe mgongo, panua miguu, inama, piga kwa katikati. Kichwa kikishakuwa chini, kushoto kwako ndiyo kulia kwa ulimwengu.

Shoto: Mbele ya msimamizi?

Birika: Msimamizi alikuambia ulipige debe. Alikuambia ulipige kwa adabu?

Shoto, suruali ikidondosha maji, akaanza kuinama. Jamani, mtu akibanwa hafikiri! Angejaribu kweli kama si mama mmoja aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi na mkoba mapajani. Alikuja kununua godoro, akakuta geti la ghala limefungwa mpaka upimaji umalizike, akaomba kahawa akangoja. Ya damu aliyasikia, ya kioo akayasikia, na beseni aliliona kwa macho yake. Sasa akatua kikombe.

Mama: Samahanini, wanangu. Hivi huyu mwenzenu akilenga, anafumba jicho gani?



Shoto: Nafumba la... la huku. Hapana. Ngoja.

Mimi: Lenga tuone.

Akauweka ufagio bega la kushoto, akailenga nguzo. Tukazunguka mbele kumtazama usoni. Alikuwa amefumba yote mawili, tena kwa nguvu, nyusi zimekutana na mashavu.

Birika: Hata mdomo kafumba!

Mama: Ulianza lini hivyo, mwanangu?

Shoto: Tangu ganda liliponipiga. Mimi... jamani, naiogopa ile bunduki. Naiogopa sana. Sijamwambia mtu, hata mke wangu.

Hakuna aliyecheka, hata Breki. Mlinzi kukiri hivyo mbele ya kijiwe si jambo dogo.

Shoto: Sasa nifumbe lipi?

Ungejua angeuliza swali hilo, ungemziba mdomo.

Daktari: La kushoto! Ndilo lenye damu ya kinyume!

Breki: La kulia! La kushoto ndilo lililo upande wa dereva!

Birika: Kwa zamu!

Filimbi ikalia getini. Nikamrushia Shoto kiatu chake, gundi haijakauka sawasawa, akakivaa huku anakimbia. Alivuka barabara akifumba hili akifumbua lile, akagonga geti, akaingia.

Tukatega masikio. Mlio wa kwanza ukasikika, na sponji ikaruka juu ya ukuta. Daktari akasema ni upepo. Mlio wa pili, sponji tena, nyingi zaidi. Nilishika nyundo yangu bila sababu. Nilimfikiria yule mtoto mchanga, nikamfikiria na mama mkwe. Kisha ule wa tatu, na juu yake debe likalia kwaa! mpaka mbwa wa ghala wakabweka.

Breki alimkumbatia Daktari. Kahawa ilimwagika kwenye mbao zangu, nikaacha.

Geti likafunguliwa, Shoto akatoka mbio, soli ya kiatu ikipigapiga nyuma yake.

Daktari: La kushoto, siyo?

Breki: Sema la kulia!

Shoto: Sikufumba! Mliniacha njia panda. Mbili za kwanza nilifumba yote kwa mazoea. Ya tatu nikajiuliza, la kushoto au la kulia, la kushoto au la kulia, bado sijaamua msimamizi akasema piga. Nikapiga yote yako wazi.

Mimi: Na ganda?

Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Shoto: Nimeliona likinipitia. Kumbe ni kidude kidogo tu.

Hapo kila mtu akadai ushindi. Daktari alisema damu imezoea. Breki alisema macho mawili wazi ndiyo vioo viwili vya lori. Shoto akaenda kumfungulia mama geti lote, kwa mkono wa kushoto, kifua mbele.

Shoto: Karibu, mama yangu. Magodoro yapo ya kila aina.

Mama hakuingia. Aliitazama sponji iliyotapakaa barabarani, akatutazama sisi.

Mama: Na hayo mnayoyapiga risasi, mwisho wake mnayapeleka wapi?

Shoto akamtazama Daktari. Daktari akavaa miwani. Breki, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akapata breki. Wote tukamnyooshea Birika vikombe, naye akaliinamisha birika, akalitikisa. Halikutoka hata tone.