Onyesho la Tatu la Bi Kidomo

Ndugu, jamaa, majirani, wasanii wenzake, na wewe mgeni uliyetumwa kuja kusikiliza tutasema nini, poleni kwa msiba na karibuni katika ukumbi huu, na mgeni usisimame mlangoni kama mdai, kiti chako ni kile cha mbele mkono wa kulia, marehemu alikiweka kwa ajili ya ofisi yenu ya utamaduni tangu mwaka 1979 na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukikalia.

Kabla ya historia, familia inaomba ieleweke kwamba kibali cha ukumbi huu kiliandikwa kwa jina la marehemu, na kwa mujibu wa barua tuliyoletewa siku ya pili ya msiba, kibali hicho kimefariki pamoja naye, hivyo tumeruhusiwa kuingia humu leo kwa mazishi tu, kwa kufuata ratiba iliyogongwa muhuri, na Jumatatu asubuhi funguo zinatakiwa ziwe mezani kwa ofisa ili ukumbi urudi kuwa ghala la magodoro kama zamani. Historia hii nayo ilipelekwa kukaguliwa, ikarudi na sahihisho moja, tutalifikia.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya serikali, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa baba fundi cherehani na mama muuza mkaa, na mama yetu alisimulia mpaka uzeeni kwamba mkunga alimpiga kofi la kumliza, mtoto akalia, mkunga akasema basi inatosha, na mtoto hakuona kama inatosha.

Alianza darasa la kwanza Januari 1959, katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya mabasi, na alipofika darasa la nne mwalimu wa zamu akambandika jina la Kidomo akidhani aibu ingemfunga mdomo, naye akalipokea kama mtu aliyetunukiwa, akafika nyumbani akalitangaza, na kuanzia siku hiyo hata baba, aliyemchagulia jina lake la kwanza, akalisahau. Kuanzia mwaka 1966 hadi 1969 alisoma sekondari ya wasichana, akafaulu masomo yote vizuri, isipokuwa pale penye nafasi ya tabia, ambapo mkuu wa shule aliandika neno moja tu, "Anajibu," bila kueleza alikuwa ameulizwa nini.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya utamaduni ya manispaa, kazi yake ikiwa ni kuchapa barua za kuwakatalia watu walichoomba, na humo ndimo, kwa maneno yake mwenyewe, alimosomea chuo kikuu bila ada, akajifunza kwamba ofisi hukagua kilichoandikwa, kisichoandikwa hakina faili, na kisicho na faili hakipo duniani. Saa za kazi zikiisha alikuwa akitumia mashine ile ile kuandika tamthilia zake, nyuma ya barua zilizokosewa, na Novemba 1978 akagundulika, akafukuzwa kazi. Hapa ndipo lilipo sahihisho la ofisi, wanashauri tusome "aliacha kazi kwa hiari yake," familia imelitafakari pendekezo hilo kwa heshima zote, na inasoma tena: alifukuzwa.

Tukirudi nyuma kidogo, tarehe 21 Septemba 1974 aliolewa na fundi umeme aliyekuja pale ofisini kutengeneza swichi na kukaa siku tatu kwa kazi ya dakika tano, mwanamume mpole, mkimya kama kabati, na mashoga zake walipomuuliza amependa nini kwa bubu yule, alijibu kwamba nyumba moja haihitaji midomo miwili. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kwanza binti, aliyezaliwa mwaka 1976, ambaye sasa ni mwalimu wa hesabu, na wa pili mvulana, aliyezaliwa mwaka 1980, aliyerithi ngazi na bisibisi za baba yake na ndiye anayewasha taa hizi mnazoziona. Shemeji yetu alitangulia mwaka 2009, na marehemu alikiri kwamba hapo ndipo alipojua kimya cha yule mtu kilikuwa kinasema mengi.

Sasa tufike Jumamosi ya tarehe 12 Mei 1979, maana bila siku hiyo tungekuwa tunamzika mpiga chapa mstaafu. Marehemu alikuwa amekodi ghala hili, akatunga tamthilia juu ya mtaa wenye bomba moja la maji lililotiwa kufuli, na ufunguo wake anao mkubwa mmoja asiyeonekana, na katika onyesho la tatu wanawake wa mtaa, ndoo mkononi, wanasema wanayoyajua. Ofisi ilimrudishia muswada na agizo lililoandikwa kwa wino mwekundu, kwamba maneno yote ya onyesho la tatu yaondolewe, na aliyetia saini alikuwa mkaguzi wa maigizo, aliyejulikana mji mzima kwa jina la Mzee Muhuri. Wasanii wenzake walimshauri marehemu aruke kutoka la pili hadi la nne, akakataa, akasema wameagiza maneno yaondoke, hawajasema watu waondoke.

Basi jioni ile pazia likafunguka, wanawake watano, marehemu akiwa mmoja wao, wakakaa wamelizunguka bomba, ndoo mapajani, wasiseme neno, na Mzee Muhuri mstari wa mbele akafunua muswada wake, akaona ukurasa mweupe, akatulia. Ukumbi ukangoja, watu wakakohoa, mwishowe sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma, "Jamani, kwani huo ufunguo anao nani?" na mwingine akamdakia, "Unamuuliza nani, shoga, na wewe unamjua? Maji yetu anaoshea gari!" Marehemu, pale jukwaani, bila kufungua mdomo, akaivaa ndoo kichwani kama kofia ya mkubwa, akaanza kusugua gari lisilokuwepo, huku kila kinachopigiwa kelele na watazamaji akikipokea na kukitenda, mpaka watu wakasimama juu ya viti.

Jumatatu akaitwa ofisini. Mzee Muhuri akamuuliza, "Mama, maneno yale yametoka wapi?" akajibu, "Kwa waliokata tiketi, mzee." "Walete hapa waandikishe maelezo." "Wote, mzee? Labda tuwakodishie ukumbi."

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa igizo la papo kwa papo katika mji huu, na kwa miaka arobaini na zaidi kila tamthilia aliyoiandika, nazo ni ishirini na sita, ilikuwa na onyesho la tatu lililoachwa wazi, ndoo zikiwa jukwaani, na watazamaji ndio wenye maneno. Ofisi ilitunga kanuni kwamba kila ukurasa upelekwe kugongwa muhuri, akapeleka kila ukurasa, na karatasi tupu za onyesho la tatu zikarudi zimegongwa muhuri moja baada ya moja, akazitia fremu, ndizo zile ukutani. Mwaka 1987 ukumbi ulifungwa miezi minane kwa sababu za usalama ambazo hadi leo zinachunguzwa, akaenda kuigiza kwenye foleni ya ofisi yenyewe, na askari alipomuuliza kibali cha mkusanyiko kiko wapi, akamwambia, "Baba, huu si mkusanyiko, ni foleni, tunakingoja hicho hicho kibali." Wanafunzi wake, ambao wamejaa humu, aliwafundisha sheria moja, kwamba mwenzako jukwaani akikuita mbuzi usimbishie, uliza majani yako wapi.

Na Mzee Muhuri mwenyewe, aliyestaafu mwaka 1998, alikata tiketi kama raia, akakaa nyuma, na onyesho la tatu lilipofika akasimama na fimbo yake, akasema, "Jamani, faili langu la kustaafu limepotea, na nililipanga mimi mwenyewe." Marehemu hakumcheka, alijilaza chini akawa faili, akamwomba aje amtafute, na wazee wale wawili walitafutana jukwaani hadi ukumbi ukalia kwa kicheko. Yupo nasi leo, tunamshukuru.

Mwezi Agosti 2021 marehemu alianza kusumbuliwa na koo, akapimwa, ikaonekana ni saratani, na tarehe 6 Desemba mwaka huo alifanyiwa upasuaji uliomwondolea sauti. Daktari alipomweleza kwamba hatasema tena, aliomba kalamu, akaandika, "Ofisi ilishanizoeza," na kufikia Machi alikuwa amerudi hapa, ndoo kichwani, watu wakisema, yeye akitenda. Alipanda jukwaa hili kwa mara ya mwisho Jumamosi ya tarehe 25 Januari mwaka huu, akafariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, binti yake akimsomea gazeti na yeye akilipinga kwa mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, waliovumilia mgonjwa aliyekuwa akiwaigiza wao kwa wao, inawashukuru majirani, hasa wale wa ukuta mmoja, waliosikia mazoezi miaka yote hii wakagonga ukuta mara chache, inawashukuru wasanii wenzake na wote waliochangia kwa hali na mali, na inaishukuru ofisi, kwa dhati, maana ingemruhusu mwaka 1979 angekuwa ameandika tamthilia moja nzuri, akatulia.

Imebaki ratiba. Kipengele cha kwanza kilikuwa kuwakaribisha, cha pili ni historia hii, na cha tatu kimeandikwa "Kimya cha heshima," tulikiandika sisi wenyewe, ofisi ikakisoma, ikakipenda, ikakigonga muhuri, na ofisa aliyekigonga alituambia laiti marehemu naye angekaa kimya mapema.

Dada, amani tunakuombea, ila kupumzika, pumzika vile ulivyokuwa ukipumzika nyuma ya pazia, viatu vikiwa mguuni. Jumamosi ijayo mlango utafunguliwa saa kumi na moja jioni kama kawaida, na funguo tutazirudisha tukifika mbele ya foleni, na foleni ya pale tunaijua.

Waombolezaji, leo ni Jumamosi, ndoo zake hizo hapo kando ya jeneza, na msomaji anakaa chini. Kimya cha heshima kimeanza. Mwenye neno, aseme.