Bwana Alivyonirudishia Ulimi Mbele ya Ubao wa Sataranji

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Mnivumilie, maana siku hizi nasema polepole, na neno jingine hunikwama mpaka nilivute. Lakini nasema! Mimi Rehema, Mama Neema wa hapa Magogoni, nimesimama mbele yenu na nasema!

Wengi mnanijua kwa sataranji. Marehemu baba alinifunza nikiwa mdogo, kwenye nyumba za wafanyakazi kule Changamwe, alipokuwa akifanya kazi bandarini. Niliupenda mchezo ule kuliko chakula. Nikawa bingwa wa Pwani, nikaingia timu ya taifa, nikaichezea Kenya nchi za mbali, nikapata cheo cha kimataifa. Baadaye wenzangu wakanichagua mwenyekiti wa chama chetu. Hapo ndipo nilipojua kazi! Kutafuta kumbi, kupatanisha waamuzi waliokosana, kuwabembeleza walimu wakuu wa Likoni na Kisauni watuachie wasichana wacheze. Yote ile ni kazi ya mdomo, na mdomo nilikuwa nao.

Asubuhi moja tulikuwa na mashindano ya wasichana huko Shanzu. Nikashika kipaza sauti nifungue. Nikasema, "Wanangu, karibuni." Neno lililofuata halikuja. Mkono wa kulia ukalegea, kipaza sauti kikaanguka, nikaona sakafu inanijia.

Kiharusi, ndugu zangu. Nilipozinduka hospitalini nilikuwa nasikia yote na kuelewa yote, ila nikitaka kumwita mume wangu, unatoka mlio tu. Daktari alimwambia Baba Neema kwamba mkono huenda ukarudi, lakini kuhusu kusema hawezi kumwahidi kitu.

Nikarudishwa nyumbani. Watu wakaja kuniona, wakawa wanazungumza juu ya kichwa changu kama sipo. Mmoja akasema, "Maskini, akili imekwenda." Nami nasikia! Siku ile niliomba moyoni, "Bwana, kama umenifunga mdomo, nichukulie na masikio."

Sasa, nina mwenzangu anaitwa Mwanaisha, wa Likoni. Huyu ni Mwislamu, na ndiye mpinzani wangu mkubwa. Tumeshindana tangu tukiwa wasichana. Akavuka feri akaja. Hakunionea huruma hata kidogo!

"Shoga yangu, leo hulali," akasema. Akaniketisha, akaweka ubao juu ya stuli. Nikageuza uso. Sikutaka hata kuuona. Yeye akaendelea kupanga kete huku akinipa habari za Likoni, nani kaolewa, nani kahama.

Nikautupia jicho ubao ule. Malkia mweupe kamweka kwenye mraba mweusi! Kila mchezaji anajua malkia mweupe husimama kwenye mraba mweupe. Ni somo la siku ya kwanza. Kitu kikanipanda kutoka kifuani, kikafika kooni, kikapita.

"Malkia!"

Mwanaisha akaniinamia. "Umesemaje?"

"Malkia," nikasema. "Si... hapo."

Akapiga ukelele! "Subhanallah! Baba Neema! Njoo umsikie mkeo!"

Mume wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, unga umemtapakaa. Nikamwita jina lake. Akafungua mdomo, akakosa la kusema. Sasa bubu akawa yeye!

Ndugu zangu, kuanzia hapo maneno yakaja, kidogo kidogo. Kwanza majina ya kete, kisha jina la mwanangu, kisha maji, chumvi, asante. Daktari alinieleza jinsi ubongo unavyojiponya, nami nikamshukuru. Nikamuuliza, mbona siku ile? Mbona neno lile?

Baadaye nikamuuliza Mwanaisha kama alikusudia. Akanitazama machoni. "Wallahi, sikukusudia. Miaka yote hii nimepanga kete mbele yako. Lini umeniona nikikosea?"

Hajawahi kukosea! Ni nani basi aliyeushika mkono ule?

Nilitaka kujiuzulu uenyekiti, wenzangu wakakataa. Wanangoja nimalize sentensi zangu. Vikao vimekuwa virefu, lakini hakuna tena anayemkatiza mwenzake. Nacheza kwa mkono wa kushoto, na Mwanaisha ananishinda kila Jumamosi. Bwana apewe sifa hata kwa hilo!

Ninawasihi, mwaminini Mungu huyu. Labda nyumbani kwako yuko mtu amelala, hasemi, na watu wamekwisha kumkatia tamaa. Leo ukifika, keti karibu naye. Mwite kwa jina lake. Mpe habari za mtaani. Usiseme hayupo. Mimi nilikuwa mle ndani, ndugu zangu, na Bwana alikuwa mle pamoja nami.